Mtoto wa Mbwa Aingiapo Nyumbani

Katika Kajaga, kitongoji kilichoko kaskazini-magharibi ya jiji la Bujumbura, kando ya barabara iendayo Gatumba na mpakani mwa Kongo, usiku una sauti zake. Viboko hutoka ziwani kuja kula majani karibu na nyumba za watu. Vyura hawanyamazi. Tena, tangu maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2020 na katika miaka iliyofuata, yakaingia katika nyumba nyingi za ufukweni, baadhi ya wenyeji walihama, na aliyebaki au aliyerudi akajikuta ana kiwanja kitupu kwa jirani. Penye kiwanja kitupu mtu hutaka mlinzi, na mlinzi anayepatikana kwa gharama ndogo ni mbwa.

Hivyo ndivyo mtoto wa mbwa alivyoingia katika nyumba moja ya askari polisi. Kisa cha nyumba hiyo hakina ajabu yoyote, na kwa sababu hiyo kinafaa kusimuliwa, maana kinafanana na visa vya nyumba nyingi. Shemeji wa mwenye nyumba alimleta kijibwa huyo kutoka Uvira ndani ya kapu, akiwa na umri wa majuma sita hivi, tumbo limevimba kama mtungi na macho yamejaa usingizi. Watoto walifurahi mno. Mama alitazama lile tumbo, asiseme neno. Baba, ambaye miaka yake ya kambini imemfundisha kuwa kila kiumbe kina kituo chake, aliamuru mbwa alale bandani, nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa ziwani.

Saa tano ya usiku kilio kilianza, nacho hakikukatika mpaka alfajiri.

"Huyu ni mgonjwa," alisema mama.

"Mama watoto, huyu anadeka," alijibu baba. "Ukimwendea leo, atalia mwaka mzima."

Wote wawili walikosea, ingawa kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli.

KILIO CHA UPWEKE

Mtoto wa mbwa wa majuma sita, hadi jana yake, amelala katikati ya ndugu zake, mmoja juu ya mwingine, ubavuni mwa mama. Hajawahi hata saa moja kuwa peke yake gizani. Mwili wake bado hauwezi kujihifadhia joto barabara kama wa mbwa mzima, na pua yake, ambayo ndiyo jicho lake la kwanza, haipati harufu hata moja anayoijua. Kulia kwake ni wito: anamwita mama aje amchukue. Katika maumbile, mtoto anayeachwa peke yake usiku ni mtoto anayeliwa, na kwa nyumba iliyo ukingoni mwa ziwa lenye mamba hofu hiyo wala si ya kijinga.

Wafugaji wazoefu wanashauri kwamba mtoto asitengwe na mama yake kabla ya majuma manane. Yale majuma mawili ya mwisho ndiyo anayofundishwa na ndugu zake kupunguza nguvu za meno yake. Akiuma sana, mwenzake hupiga ukelele na mchezo huvunjika. Anayeondolewa mapema hukosa somo hilo, na mikono ya watoto wa nyumba ndiyo inayolilipia. Lakini katika maisha ya kawaida mbwa hupatikana anapopatikana. Aliyekwisha kufika nyumbani hawezi kurudishwa kwa sababu ya kalenda.

La kufanya ni jepesi. Kwa majuma mawili ya kwanza boksi lake liwekwe ndani, mahali anaposikia watu wakipumua: ukumbini au karibu na mlango wa chumba cha kulala. Ndani yake kitiwe kitambaa kilicholaliwa na mama yake. Mwenye kwenda kumchukua mbwa akumbuke kukiomba. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye nguo kuukuu humpa ubavu wa kuegemea. Akiamka usiku kwa haja, atolewe nje, arudishwe, taa izimwe, bila michezo. Baadaye boksi lisogezwe kidogo kidogo kuelekea bandani, hatua kwa hatua, kama mtoto anavyohamishwa kitandani kwa wazazi. Mbwa aliyezoezwa hivyo hulala bandani bila kelele. Yule aliyetupwa bandani usiku wa kwanza huenda naye akanyamaza, lakini kwa kukata tamaa, na yaliyomo moyoni mwake huonekana baadaye.

Nyumbani kwa askari yule amri ilivunjwa usiku wa pili. Binti wa miaka tisa alitoka kimyakimya na tochi, akamchukua mbwa, akalala naye juu ya mkeka. Asubuhi baba aliwakuta wote wawili wamelala fofofo, naye kwa mara ya kwanza tangu juzi alikuwa amepata usingizi kamili. Hakusema kitu.

Hapo inafaa kutaja jambo moja ambalo katika miji ya Waswahili haliwezi kurukwa. Katika Buyenzi, mtaa wa Waislamu wengi wa Bujumbura, nyumba nyingi hazimkubali mbwa ndani, kwa kuwa mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumfuga kwa ajili ya ulinzi, uwindaji au mifugo hakukukatazwa. Basi nyumba ya namna hiyo impatie mbwa ukumbi wa nje ulioezekwa, wenye ukuta wa kuzuia upepo, na mtu wa kukaa naye kila jioni mpaka apate usingizi. Kinachotakiwa ni asiwe peke yake. Mkeka wa sebuleni si sharti.

KILIO CHA MARADHI

Siku ya tatu kijibwa alikataa chakula na kuanza kuharisha. Sasa hofu ya mama ilimwingia baba pia, na kila jirani alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema pua imekauka, basi ana homa. Pua ya mbwa hukauka na kulowana mara nyingi kwa siku moja, na haimwambii mtu lolote la kutegemewa.

Kuna njia bora za kutofautisha hofu na ugonjwa. Mtoto wa mbwa mwenye hofu hunyamaza mtu anapokaa karibu naye. Mgonjwa hatulizwi na mtu. Mwenye hofu atakataa sahani lakini atakula mkononi. Mgonjwa hugeuza uso hata kwa nyama. Ufizi wake uinuliwe utazamwe: rangi ya waridi ni njema, weupe ni dalili ya upungufu wa damu, ambao kwa kawaida huletwa na minyoo, viroboto au kupe. Ngozi ya mgongoni ivutwe kwa vidole viwili na kuachwa: ikirudi mara moja, maji yapo mwilini, ikibaki imesimama kama hema, maji yamekwisha na daktari wa mifugo anahitajika siku hiyo hiyo. Aliye na kipimajoto ajue kuwa joto la mbwa si la binadamu. Nyuzi 38 hadi 39 na kidogo ndizo za afya kwake. Wengi wamemnywesha dawa ya homa mbwa asiye na homa, na baadhi ya dawa hizo za binadamu humdhuru sana. Na mtoto mdogo anayelegea ghafla kama kitambaa baada ya kukaa na njaa apakwe asali au maji ya sukari kwenye ufizi, kisha apelekwe mbio, kwa maana sukari ya mwilini mwake imeshuka.

Daktari wa mifugo aliyemwona mbwa yule alitazama tumbo lake na kuuliza alikuwa akilishwa nini. Maziwa ya ng'ombe, wakasema, mengi kadiri alivyotaka. Jibu likawa hapo: maziwa ya ng'ombe huwaharisha mbwa wengi wadogo, na tumbo kama mtungi lilikuwa limejaa minyoo.

Wengi hushangaa kwamba mtoto asiyewahi kukanyaga uchafu awe na minyoo. Huirithi. Minyoo ya mbwa hupenya kutoka kwa mama kabla ya kuzaliwa, na mingine huja kwa maziwa yake. Kwa hiyo dawa huanza anapotimiza majuma mawili, hurudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka umri wa majuma kumi na mawili, kisha kila mwezi hadi afike miezi sita. Kinyesi chake kifukiwe, na watoto wanawe mikono kwa sabuni wamalizapo kucheza naye, maana mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na mtoto wa binadamu huweza kutembea mwilini mwake na hata kufika kwenye jicho.

Chakula chake kiwe uji mzito wa mahindi au ugali laini uliochanganywa na ndagala waliochemshwa bila chumvi na kusagwa, mara nne kwa siku mpaka atimize miezi mitatu, na maji safi wakati wote. Mifupa ya kuku iliyopikwa na vitunguu visimfikie.

Jambo jingine la nchi hizi za joto ni uvimbe unaofanana na jipu lenye tundu dogo katikati. Huo ni mtoto wa nzi atagaye mayai katika mchanga au matandiko yaliyolowana mkojo. Hupakwa mafuta mazito ya vaselini ili akose pumzi, kisha hukamuliwa taratibu. Matandiko yafuliwe, yaanikwe juani na kupigwa pasi, nguo za watoto kadhalika, kwani nzi huyo habagui.

Yote hayo yanatibika nyumbani au kwa safari moja ya kwa daktari. Parvo ni ugonjwa wa daraja jingine. Ulijulikana mwaka 1978, na kufikia 1980 ulikuwa umekwisha kuzunguka dunia. Mtoto wa mbwa hutapika, huharisha damu yenye harufu mbaya kupita kiasi, na anaweza kufa kwa siku mbili tatu. Kirusi chake huweza kukaa katika udongo mwaka mzima au zaidi, na husafiri kwa viatu. Askari aliyepita doria mahali palipojaa mbwa koko anaweza kuuleta ugonjwa katika soli ya buti zake bila kumgusa mbwa hata mmoja. Buti ziachwe nje. Palipokufa mbwa kwa ugonjwa huo paoshwe kwanza, kisha pamwagiwe dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kipimo kimoja katika vipimo thelathini vya maji, na iachwe dakika kumi.

Ugonjwa wa distempa nao una historia ndefu katika bara hili. Mwaka 1895 mbwa wawili wa Kongo wasiobweka, wa aina iitwayo leo basenji, walipelekwa kuonyeshwa Uingereza. Haukupita muda wakafa kwa distempa. Miaka tisini na tisa baadaye, mwaka 1994, kirusi hicho kiliingia miongoni mwa simba wa Serengeti, na takriban theluthi moja ya simba hao, wapatao elfu moja, waliangamia. Wataalamu waliochunguza waliwaelekea mbwa wa vijiji vya jirani, ambao walikuwa hawajachanjwa.

Chanjo ya parvo na distempa huanza katika umri wa majuma sita hadi manane, na hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka majuma kumi na sita. Wengine huona kurudia huko ni ulaji wa fedha. Sababu yake ni kwamba mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama, na kinga hiyo, ingali na nguvu, huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Siku inayokwisha haijulikani. Inambidi daktari abishe hodi mara kadhaa mpaka mlango ufunguke.

Kwa watu wa Kajaga iko chanjo nyingine isiyofaa kusahauliwa. Maji ya mafuriko yanapopungua huacha madimbwi, na panya hukojoa humo. Ugonjwa unaotokana na mkojo huo huwapata mbwa na watu pia. Mwaka 2022 ulipozuka mkoani Lindi, Tanzania, na kuua, ulijulikana kwa jina la homa ya mgunda. Mbwa asinyweshwe maji ya dimbwi, na watoto wasiyatembee pekupeku.

UGONJWA USIO NA MARUDIO

Yote yaliyotangulia humuua mbwa. Kichaa cha mbwa huiua familia. Shirika la Afya Duniani hukisia kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka kumi na mitano. Dalili zikishaanza, hakuna tiba.

Si kweli kwamba mtoto wa mbwa ni mdogo mno kuwa na kichaa. Akiumwa na mbwa mgonjwa kabla hajaletwa nyumbani, ugonjwa hujificha kwa majuma au miezi. Wala si lazima awe mkali. Kuna mbwa wa kichaa anayejificha gizani, sauti yake imebadilika, taya limelegea, mate yanamtoka na hawezi kumeza. Mwenyewe hudhani amekwamwa na mfupa, akatia mkono kinywani kuutoa. Mkono huo haufai kutiwa kamwe. Mbwa wa namna hiyo afungiwe, na daktari wa mifugo aitwe.

Aliyeumwa au kukwaruzwa na meno aoshe jeraha mara hiyo hiyo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano kamili, kwa saa, kisha aende kituo cha afya siku hiyo akaanze chanjo. Asipake pilipili, mafuta wala majivu. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Mbwa aliye hai huchunguzwa siku kumi huku chanjo ya mtu ikiendelea. Aidha asimpige mbwa kichwani akamzika, maana ubongo ndio unaompa mtaalamu jibu.

Kinga yake ni sindano moja mbwa anapotimiza miezi mitatu, nyingine baada ya mwaka, na kuendelea kama daktari atakavyoagiza. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliuondoa ugonjwa kufikia 2014. Uliporudi mwaka 2016, chanjo ilianzishwa upya, na mwaka 2018 ukaondolewa tena. Hakukuhitajika dawa mpya wala silaha ya kuulia mbwa.

UKALI WA BANDANI

Baada ya dawa ya minyoo kijibwa wa Kajaga alirudisha nguvu, na hapo baba akaleta shauri la pili. Mbwa wa ulinzi, alisema, hufungiwa bandani mchana kutwa asizoeane na watu, na akila pilipili kidogo hukasirika. Shauri hilo husikika toka Bujumbura mpaka Mombasa, nalo limeharibu mbwa wengi. Pilipili humuumiza tumbo tu. Na kufungiwa humpa hofu, ambayo kwa mbali inafanana na ukali.

Wataalamu Scott na Fuller, waliochunguza watoto wa mbwa huko Marekani kwa miaka mingi na kutoa kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya juma la tatu na la kumi na mbili mbwa huamua ni vitu gani vya dunia hii ni vya kawaida. Asichokiona wakati huo hukiogopa baadaye. Mbwa mwenye hofu humuuma mgeni mwema, mtoto anayekimbia, bibi mwenye mwavuli. Mwizi akija na kipande cha nyama na sauti ya upole, pengine hamuumi. Mbwa wa polisi hafundishwi kwa kufungiwa. Wale mbwa wanusaji waliofundishwa tangu mwaka 2011 kuwasaidia askari wa Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, huishi na kufanya kazi bega kwa bega na watu wao, na thamani ya mbwa wa kazi ni kutii aambiwapo aache.

Hapa kuna ugumu wa kweli, na mama aliuona upesi kuliko wote: daktari amesema mbwa asikanyage barabarani mpaka chanjo zikamilike, yaani majuma kumi na sita, tena dirisha la kuzoea dunia hufungwa katika la kumi na mbili. Akifichwa, atakua mwoga. Akiachiwa, huenda asikue kabisa. Njia ni kumbeba. Kijibwa alipelekwa kila jioni kwenye barabara ya Gatumba ndani ya kapu lile lile lililomleta, akaona baiskeli zilizopakiwa mikungu ya ndizi, malori ya mpakani, askari wenye kofia, watoto wa shule, bila miguu yake kugusa ardhi. Wageni waliokuja nyumbani walivua viatu mlangoni na kumpa chembe ya ndagala. Mbwa wa jirani aliyekwisha kuchanjwa aliruhusiwa kuja kucheza naye uani. Ngurumo ya radi ilipopiga, hakuna aliyemkumbatia kwa hofu wala kumkaripia. Binti aliendelea kumrushia mpira wa matambara.

Baba alisema watu watamcheka, askari mzima kutembea na kapu la mbwa. Baadhi walimcheka kweli, hasa pale kwenye kituo cha basi.

Sasa kijibwa ana miezi minne. Analala bandani kwa hiari yake, na usiku kiboko anaposogea ukutani hutoa mlio mzito usiolingana na umbo lake, kisha hurudi kimya akiitwa. Kadi yake ya chanjo imewekwa katika bahasha moja na kadi za kliniki za watoto. Sindano ya kichaa imekwisha kuandikwa humo, pamoja na tarehe ya mwakani, na chini yake mama ameongeza kwa kalamu: dawa ya minyoo, mwisho wa mwezi.